Bunduki ya babu inazeeka, baruti yake haizeeki

Tuseme babu yako amekufa huko mugini. Umeomba siku chache kwa shefu wako wa kazi, umepanda lori, umefika kwenye kilio. Kisha mazishi, wazee wanakaa kugawanya mali. Mbuzi kwa huyu, shoka na nyundo kwa yule. Wewe unatumika kwenye mugodi, umezoea vitu vya chuma na vya moto. Basi wanakuletea bunduki ndefu ya zamani, ile ya kujazwa kwa kinywa, pamoja na mukebe wa maziwa uliojaa unga mweusi. Wanasema: "Huu ni urizi wako. Babu alituletea nyama kwa bunduki hii."

Unaifunga katika blanketi, unarudi nayo kambini, unaisukuma chini ya kitanda. Mukebe je? Mama wa nyumba anauweka juu ya kabati ya jikoni, karibu na mufuko wa makala, kwa sababu hajui ni kitu gani.

Magaribi kijana wa dada yako anakuonyesha telefone. Mutu mumoja wa Marekani amesimama katika shamba lake, anapiga muzinga, ule ambao wengine wetu wanauita kanoni. Kelele kubwa, moshi mweupe, watu wanacheka. Kijana anasema: "Mujomba, kule hawaombi hata karatasi. Kitu cha zamani ni huru."

Je, kijana anasema kweli? Nusu ya neno lake ni kweli. Nusu ingine inaweza kukukata vidole, kuchoma watoto, ao kukupeleka gerezani. Leo ukurasa wetu utafungua jambo hili polepole, kusudi kila mutu nyumbani alielewe.

UNGA MWEUSI NI NINI?

Unga mweusi ni muzee wa baruti zote. Unafanywa kwa vitu vitatu. Katika kila kilo 100, kilo 75 ni chumvi nyeupe inayoitwa shura, kilo 15 ni makala yaliyosagwa, kilo 10 ni kiberiti cha manjano. Shura ndiyo inayotoa oksijeni ya kuwasha makala. Kwa hiyo unga huu hauombi hewa ya inje: unawaka hata ndani ya bomba lililofungwa. Cheche moja inatosha.

Unga huu ulitumika katika kazi yetu tangu zamani. Mwaka 1627 wachimbaji wa Banská Štiavnica, muji wa migodi ambao leo uko katika inchi ya Slovakia, walipasua mwamba kwa unga mweusi. Mwaka 1831 Muingereza William Bickford alitengeneza kamba ya moto yenye unga huo katikati, kusudi mutu apate nafasi ya kukimbia mbele ya mulipuko. Hata leo Wafaransa na Wabelgiji wanaita kamba ile kwa jina lake. Mwaka 1867 Alfred Nobel alipata hati ya dinamiti, na unga mweusi ukaanza kutoka katika migodi. Ulibaki katika bunduki za zamani, katika mizinga ya sherehe, na katika vitu vya moto vya sikukuu.

Katika Katanga baruti ilijulikana mbele ya kampani yoyote. Wakati wa Mwami M'Siri, aliyetawala Bunkeya mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891, wafanyabiashara walileta bunduki na baruti, wakarudi na pembe za tembo na shaba. Bunduki nyingi za biashara zilizofika Afrika siku zile zilifanywa Liège, katika Ubelgiji. Ukiona kwenye chuma cha bunduki ya babu alama ndogo yenye umbo la yai, na ndani yake herufi E, L, G, ujue kwamba ni alama ya Liège. Inasema kwamba bomba la bunduki lilijaribiwa kwa baruti nyingi kupita kipimo, na halikupasuka. Lakini lilijaribiwa siku lilipokuwa jipya. Alama ile haijui kitu juu ya kutu iliyokula chuma miaka 100.

SHERIA INAHESABU MIAKA YA CHOMBO

Sasa turudi kwa neno la kijana. Inchi nyingi zinatenga silaha za zamani na silaha za sasa. Mawazo yale si mapya, na Kongo imo katika historia yake. Tarehe 2 Julai 1890, katika Bruxelles, serikali nyingi zilitia sahihi mapatano ya kuzuia biashara ya watumwa. Ndani yake walikataza kuingiza bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka mustari wa 20 wa kaskazini mpaka mustari wa 22 wa kusini. Kongo yote ilikuwa ndani. Lakini waliacha mulango mudogo: bunduki za jiwe la moto, zisizo na mifereji ndani ya bomba, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuuzwa chini ya ulinzi wa serikali. Walifikiri kwamba chombo cha zamani kinaua polepole kuliko kipya.

Mawazo hayo yangali katika sheria za leo, lakini kila inchi inayapima kwa kipimo chake.

Marekani. Sheria ya mwaka 1968 inasema kwamba bunduki iliyofanywa mwaka 1898 ao mbele yake ni ya zamani, na sheria kubwa ya silaha haiihesabu kama bunduki za kawaida. Nakala mupya ya bunduki ile inaweza kuhesabiwa vilevile, kama inajazwa kwa kinywa kwa unga mweusi na haiwezi kutumia risasi za kisasa. Muzinga wa namna hiyo pia ni huru kwa sheria ya inchi yote. Ndiyo maana yule mutu wa telefone anacheka. Lakini sikia mipaka yake. Unga mweusi anaoweza kununua bila ruhusa ya serikali kubwa ni ule wa kiwanda, usiopita karibu kilo 22 na nusu, na ni kwa michezo ao sherehe za vyombo vya zamani tu. Tufe la muzinga lenye baruti ndani, linalopasuka likifika, si huru hata kidogo. Tena kila jimbo na kila muji unaweza kuweka sheria kali zaidi. Neno linaloruhusiwa katika shamba la huyu linaweza kuwa kosa katika muji wa jirani yake.

Uingereza. Hapa mulango ni mwembamba zaidi. Sheria yao pia ni ya mwaka 1968. Silaha ya zamani inaweza kukaa nyumbani bila hati kama ni pambo, kitu cha kutazamwa ukutani. Siku unapotaka kupiga nayo, si pambo tena, na unahitaji hati ya polisi. Kanuni za mwaka 2021 zinasema kwamba ili ihesabiwe ya zamani, inapaswa kuwa ilifanywa mbele ya tarehe 1 Septemba 1939. Nakala iliyofanywa juzi na inayoweza kupiga ni bunduki kama bunduki zingine. Muzinga ni vilevile. Kama bomba lake ni laini ndani, lina urefu wa sentimita 61 ao zaidi, na tundu lisilopita sentimita 5, unaombewa hati ya bunduki ya marisawa. Kama tundu ni kubwa kuliko hapo, unaombewa hati nzito zaidi. Tena kwa unga mweusi wenyewe kuna hati ingine, mbali na ile ya chombo.

Ufaransa. Huko silaha zimepangwa katika vikundi vinne, A, B, C na D. Bunduki ya namna iliyokuwapo mbele ya tarehe 1 Januari 1900 iko katika kikundi D, na mutu mukubwa wa miaka 18 anaweza kuwa nayo. Nakala zake zisizotumia risasi za ganda la chuma ziko vilevile katika kikundi hicho. Lakini kuwa nayo nyumbani ni neno moja, kutembea nayo inje bila sababu ya haki ni neno lingine, na hilo limekatazwa.

Umeona? Inchi tatu, na miaka mitatu mbalimbali: 1898, 1939, 1900. Nakala ileile ni huru Paris, na katika London unaombewa hati. Mutu asikuambie "kitu cha zamani ni huru" kama kwamba dunia yote ina sheria moja.

NA KWETU?

Katika Kongo, sheria ya silaha ni ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, iliyotolewa wakati inchi iliitwa Zaire. Maana yake kwa raia ni nyepesi kushika: usikae na bunduki bila ruhusa ya serikali. Tarehe 30 Aprili 2010, katika Kinshasa, inchi za Afrika ya Kati zilipatana tena juu ya kulinda silaha ndogo, na mapatano hayo yanaelekea kukaza zaidi, hayaelekei kulegeza.

Usifikiri kwamba urizi ni ruhusa. Kama babu alikuwa na karatasi, karatasi ile ilikuwa na jina lake. Haina jina lako. Na ile bunduki inayoitwa pupu, iliyofanywa na mufua chuma wa mugini kwa bomba la maji na ubao, haitoki katika sheria kwa sababu ilifanywa nyumbani. Inaongeza hatari, kwa sababu hakuna aliyeijaribu kama walivyofanya Liège. Aliyeijaribu mara ya kwanza ni yule aliyeweka shavu lake juu yake.

Basi fanya hivi. Ukipewa bunduki kwenye kilio, usiibebe. Wajibu wazee kwa heshima: "Wazee wangu, nimepokea urizi. Lakini mbele ya kuuondoa hapa, nitakwenda kwa watawala." Nenda kwa ofisi ya teritware ao kwa polisi bila bunduki mukononi, eleza jambo lote, na ufuate neno watakalokuambia. Kama bunduki iko kambini tayari, nenda leo. Mutu anayekuja mwenyewe kueleza si sawa na mutu anayekamatwa kwenye kizuizi cha njia na bunduki ndani ya blanketi. Na ukivuka Kasumbalesa kwenda Zambia, ujue kwamba unaingia katika sheria ya inchi ingine.

BARUTI HAIHESABU MIAKA

Sasa tunafika kwenye neno kubwa la ukurasa huu. Sheria inapima chombo kwa miaka. Baruti haijui miaka.

Mwezi wa Januari 2013, katika New York, watu walikuwa wanasafisha muzinga wa zamani uliokuwa wa pambo katika Central Park. Ulitoka katika meli ya Kiingereza iliyozama mwaka 1780. Walipofungua kinywa chake walikuta tufe la chuma, na nyuma yake karibu gramu 800 za unga mweusi uliofungwa katika kitambaa cha sufu. Polisi wakaitwa kuuondoa. Walisema kwamba muzinga ule ungaliweza kupiga. Zaidi ya miaka 200, na watoto walicheza karibu nao!

Mwaka 2008, katika Virginia, mutu mumoja aliyekusanya vitu vya vita ya Marekani ya 1861 mpaka 1865 alikuwa anasafisha tufe la muzinga nyumbani kwake. Lilipasuka, akafa. Alikuwa na ujuzi wa miaka mingi.

Kwa hiyo bunduki ya babu iliyosimama miaka 20 katika pembe ya nyumba, wewe ihesabu kuwa imejaa. Muwindaji anarudi jioni bila nyama, anaiweka kama ilivyo, kesho anagonjwa, hairudii tena. Kisha mutoto anaiona, anaelekeza kwa dada yake, anavuta.

Mambo manne yanafanya vyombo hivi viue hata mwenyewe anayevishika.

Ya kwanza ni makala ya moto. Unga mweusi ukiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki kama moshi na uchafu mugumu. Ndani ya uchafu ule cheche inaweza kuendelea kuishi. Ukimimina unga mupya juu yake, unakuwakia usoni. Wapiga mizinga wa zamani walisafisha bomba kwa sifongo yenye maji kisha kila mara, na mutu mumoja alifunga tundu la moto kwa kidole kilichovikwa ngozi.

Ya pili ni kujaza mara mbili. Moto haukushika, mutu anafikiri kwamba bunduki ni tupu, anaongeza unga na risasi juu ya ile ya kwanza.

Ya tatu ni chuma kibaya. Mufalme James wa Pili wa Scotland aliuawa mwaka 1460 na muzinga wake mwenyewe uliopasuka karibu naye. Tarehe 28 Februari 1844, juu ya meli ya vita ya Marekani iliyoitwa Princeton, muzinga mupya ulipasuka mbele ya wageni wakubwa. Watu 6 walikufa, kati yao mawaziri wawili, na raisi aliponea kwa sababu alikuwa chini ndani ya meli. Kama chuma cha mafundi wale kilipasuka, wewe unatumainia nini bomba la maji?

Ya nne ni baruti isiyofaa, na hapa tunasema nawe wazi, mutumishi wa mugodi. Unga mweusi unawaka kwa haraka na kusukuma. Baruti ya mugodi haisukumi: inapasua. Mulipuko wake unakwenda mita maelfu kwa sekunde, kwa sababu kazi yake ni kuvunja mwamba. Ukiweka kipande chake katika bunduki ya babu, mwamba ni bomba, na wewe uko karibu nalo. Hata unga wa risasi za kisasa una nguvu kubwa kupita bomba la zamani. Tena kutoa baruti kwenye mugodi ni wizi na ni kosa kubwa mbele ya sheria. Utapoteza kazi, utafungwa, na wenzako wa kikosi wataulizwa mumoja mumoja. Hakuna nyama ya porini inayofaa bei hiyo.

KANUNI ZA NYUMBANI

Mama, baba, mukate ukurasa huu na kuubandika ukutani kama mutapenda.

1. Kila bunduki ya zamani na kila tufe la zamani ihesabiwe kuwa imejaa. Usitazame ndani ya kinywa chake. Usijaribu kuitoa baruti wewe mwenyewe.

2. Ukikuta unga mweusi nyumbani, zima moto na sigara, toa watoto, fungua madirisha. Usiumimine, usiusage, usiujaribu kwa kiberiti "kuona kama ungali muzuri".

3. Usiutupe katika choo wala katika shimo la takataka. Maji yanauzima kwa muda, lakini ukikauka unaweza kuwaka tena. Mwite polisi ao shefu wa usalama, aje mwenye kujua.

4. Usitengeneze unga huu nyumbani. Kila hatua ya kuusaga na kuuchanganya inaweza kuleta cheche.

5. Vijana, musifanye muzinga kwa bomba la maji ao mukebe wa chuma kwa ajili ya harusi, Noeli ao Bonane. Ngoma inatosha.

6. Waambie watoto: ukiona, usiguse, rudi nyuma, mwite mutu mukubwa.

KAMA HATARI IMETOKEA

Zima nguo zinazowaka. Kisha mimina maji safi ya baridi juu ya pahali palipoungua kwa dakika 20. Vua pete na saa mbele mwili haujavimba. Nguo iliyoshikamana na ngozi usiivute. Usipake mafuta, dawa ya meno, majivu wala chumvi. Funika kwa kitambaa safi, peleka mugonjwa hospitali. Kama kitu kimeingia katika jicho, usisugue na usikitoe. Funika bila kukaza. Damu ikitoka sana, kaza kwa kitambaa na mukono, usiachilie. Masikio yakilia ao kuziba kisha mulipuko, mwambie munganga vilevile. Na umwambie kweli ni kitu gani kilichopasuka: anahitaji kujua kusudi akutunze, pamoja na sindano ya pepopunda.

Ndugu musomaji, hatukukatazi kuheshimu urizi wa babu. Historia yake ni ya jamaa yenu, na watoto wanapaswa kuisikia. Lakini historia inaweza kukaa kinywani mwa wazee, na mukebe ule mweusi hauwezi kukaa jikoni.

Leo ukitoka kazini, tazama chini ya kitanda. Tazama juu ya kabati. Uliza: chombo hiki kina karatasi ya jina langu? Unga huu unafanya nini karibu na makala? Kama jibu ni baya, usingoje Jumapili. Babu alileta nyama nyumbani kwa bunduki ile. Usiiache ilete kilio cha pili.